Kusafisha bila kuua: jinsi kinga ya mwili inavyokabiliana na virusi vilivyojikita ubongoni

Anayetaka kuielewa kinga ya ubongo hana budi kuanza na panya. Mchukue panya mzima mwenye afya, umdunge ubongoni kirusi kiitwacho LCMV, ambacho makazi yake ya asili ni panya wenyewe. Kwa siku tano hivi ataendelea kula na kukimbia kana kwamba hakuna kilichotokea, ingawa kirusi kinazaliana kwa wingi katika tando zinazoufunika ubongo wake. Kufikia siku ya sita au ya saba manyoya humsimama, mgongo humpinda, na ukimwinua kwa mkia hushikwa na degedege. Muda si mrefu hufa. Sasa mchukue panya wa pili, umpige kwanza miale ya eksirei ya kutosha kuidhoofisha kinga yake, kisha umdunge kirusi kilekile kwa kiasi kilekile. Huyu anaweza kuishi, na kirusi kinaishi naye. Mmarekani Wallace Rowe alipofanya majaribio ya namna hii katika miaka ya 1950, jambo moja lilianza kuwa wazi: aliyemuua panya wa kwanza hakuwa kirusi. Aliuawa na seli nyeupe za damu yake mwenyewe, zilizofika ubongoni wiki moja baadaye zikiwa zimejiandaa kwa vita.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Katika sehemu nyingi za mwili, kinga hushinda kwa njia ya kikatili lakini yenye mafanikio: seli iliyoingiwa na kirusi huuawa kabla haijatoa virusi vipya, kisha jirani zake hugawanyika na kuliziba pengo. Ini hufanya hivyo, ngozi hufanya hivyo, na utando wa ndani wa utumbo hujibadilisha wote kila baada ya siku chache. Ubongo hauna uwezo huo. Binadamu ana seli za neva zipatazo bilioni 86, na karibu zote anazozeeka nazo ndizo alizokuwa nazo utotoni. Ikifa moja haina mrithi, na hufa pamoja na maelfu ya miunganiko iliyoijenga na wenzake kwa miaka mingi. Tena ubongo umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka, hivyo uvimbe ambao kwenye kidole ungekuwa kero tu, humo ndani hubana mishipa ya damu na vituo vinavyoendesha pumzi. Mtu akikuta nyoka ndani ya nyumba asiyoweza kuijenga upya, haichomi nyumba; hutafuta namna ya kumtoa, na akishindwa humfungia chumba kimoja na kuulinda mlango. Ndivyo ubongo unavyofanya kwa sehemu kubwa, na ndiyo maana virusi kadhaa huweza kudumu humo kwa miaka, na hata kwa maisha yote ya mtu.

Kwa muda mrefu hali hii ilisomwa vibaya. Mwishoni mwa karne ya 19 Paul Ehrlich wa Ujerumani aliona kwamba rangi fulani zikidungwa kwenye damu ya mnyama hupaka viungo vyote isipokuwa ubongo, na kutokana na uchunguzi wa aina hiyo likakua wazo la ukuta baina ya damu na ubongo. Ukuta huo upo kweli: seli zinazounda kuta za mishipa midogo ya ubongo zimeshikamana kwa nguvu kiasi kwamba hata molekuli nyingi ndogo hazipenyi bila kusindikizwa. Kisha mwaka 1948 Peter Medawar wa Uingereza akapandikiza vipande vya ngozi ngeni katika ubongo wa sungura na kuona kwamba havikataliwi upesi kama vinavyokataliwa kwingineko. Vitabu vingi vya kiada vikahitimisha kwamba ubongo hauonwi na kinga. Lakini jaribio lenyewe lilikuwa na nusu ya pili, ambayo naona haikutiliwa maanani inavyostahili: sungura aliyekwisha kupandikizwa ngozi ileile sehemu nyingine ya mwili, na kinga yake ikaitambua, aliikataa hata ile ya ubongoni. Kwa hiyo seli za kinga zilikuwa zinaingia ubongoni na kufanya kazi. Kilichokuwa kigumu ni habari kutoka ubongoni na kuzifikia tezi za limfu.

Njia ya habari hizo ilipatikana kwa kuchelewa mno. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti, moja la Marekani na jingine la Finland, yalionyesha kwa uhakika mishipa ya limfu ndani ya utando wa nje wa ubongo wa panya, inayopeleka maji na mabaki hadi kwenye tezi za shingoni. Mtaliano Paolo Mascagni alikwisha kuichora mishipa kama hiyo kwa binadamu katika karne ya 18, lakini wenzake hawakumwamini.

Tuanze basi na kirusi kinachoingia. Vingine hupanda ndani ya neva kutoka mdomoni au kwenye ngozi, kama kirusi cha herpesi. Vingine hubebwa ndani ya seli nyeupe za damu zinazoruhusiwa kupita, kama VVU. Vingine huvuka kuta za mishipa ya damu yenyewe. Njia yoyote kitakayotumia, kengele ya kwanza hulizwa na wenyeji. Seli iliyoingiwa ina vipokezi vya kutambua RNA au DNA ya kirusi, na kikiguswa kimojawapo seli hutoa interferoni, protini iliyogunduliwa mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann jijini London. Interferoni haiui kirusi moja kwa moja. Huzifikia seli za jirani na kuziamuru zifunge milango: zipunguze kutengeneza protini, zikate RNA ngeni, zijiweke katika hali ambayo kirusi kikiingia hakitapata vifaa vya kujinakili. Katika ubongo watoaji wakubwa wa ishara hiyo ni astrositi, seli zenye umbo la nyota zinazozilisha na kuzishikilia seli za neva, pamoja na mikroglia, walinzi wa kudumu ambao Mhispania Pío del Río Hortega aliwaeleza mwaka 1919. Mikroglia hazitoki kwenye damu kama seli nyingine za kinga. Asili yao ni mfuko wa kiinitete, walihamia ubongoni kabla mtoto hajazaliwa, na tangu hapo hujizalisha humo humo.

Umuhimu wa kengele hii unaonekana waziwazi inapokosekana. Kirusi cha herpesi aina ya kwanza kimo mwilini mwa watu wengi sana duniani, na kwa walio wengi hakileti zaidi ya malengelenge mdomoni. Kwa wachache mno, wakiwemo watoto wenye afya njema, hupanda hadi ubongoni na kusababisha uvimbe unaoharibu hasa sehemu za pembeni zinazohusika na kumbukumbu na lugha. Mwaka 2007 kundi la watafiti waliofanya kazi na Jean-Laurent Casanova lilieleza watoto wa aina hiyo waliokuwa na kasoro katika jeni moja tu, ile inayotengeneza kipokezi kiitwacho TLR3, ambacho hutambua RNA yenye nyuzi mbili. Watoto hao hawakuwa dhaifu kwa jumla. Walipambana na mafua na virusi vingine kama watoto wengine wowote. Shimo lilikuwa ubongoni peke yake, kwa sababu huko seli hutegemea kipokezi hicho kuliko zinavyokitegemea kwingine. Binafsi sijui mfano unaoonyesha vizuri zaidi kwamba ubongo una kinga yake ya ndani, na kwamba kinga hiyo hufanya kazi kabla seli yoyote ya damu haijafika.

Seli za damu zinapofika, wanaobeba mzigo mkubwa ni seli T. Hizi hufunzwa kwenye tezi za limfu, huongezeka hadi mamilioni, kisha huzunguka mwilini zikitafuta mahali penye uvimbe. Kwenye mishipa ya ubongo hujishikiza ukutani kwa molekuli iliyo mfano wa kulabu, hubiringika kidogo, husimama, kisha hujipenyeza katikati au ndani ya seli za ukuta. Hata hapo hazijafika bado. Nje ya mshipa kuna nafasi nyembamba inayolindwa na seli nyingine, na seli T isiyoonyeshwa humo kipande cha adui inayemjua haiendelei mbele. Ni kama kituo cha ukaguzi: asiye na shughuli ubongoni haruhusiwi kuingia.

Iliyoruhusiwa hutembea kati ya seli za ubongo ikizipapasa moja baada ya nyingine. Namna inavyotambua seli yenye kirusi ilifumbuliwa mwaka 1974 mjini Canberra, Australia, na Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, kwa kutumia panya walioambukizwa kirusi kilekile cha LCMV tulichoanza nacho. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Kila seli hupeleka vipande vya protini zake juu ya uso wake, vikiwa vimeshikiliwa na molekuli maalumu ya mwili, na seli T husoma vyote viwili kwa pamoja, kipande na kishikizi chake. Sasa, seli ya neva iliyotulia huonyesha vishikizi hivyo kwa uchache mno. Seli T inaweza kuipita seli yenye kirusi isiione. Interferoni ikizagaa, vishikizi huongezeka, na mazungumzo kati ya seli hizo mbili huwezekana.

Kinachofuata ndicho kilichowashangaza watafiti zaidi. Kwingineko mwilini seli T iliyomtambua adui hutoboa seli iliyoambukizwa na kuingiza vimeng'enya vya kuifanya ijiue. Ikikutana na seli ya neva, mara nyingi hufanya jambo jingine: hutoa interferoni ya aina ya gama, ambayo huiamuru seli ya neva ikizime kirusi kutoka ndani, nayo seli hubaki hai. Hata vimeng'enya vya kuua vinaweza kutumika kwa upole. Katika fundo la neva za uso, nje kidogo ya ubongo wenyewe, ambako kirusi cha herpesi hulala kwa maisha yote, seli T huonekana zimezizunguka seli za neva zenye kirusi. Mwaka 2008 watafiti nchini Marekani walionyesha kwa panya kwamba kimeng'enya kimojawapo, granzimu B, huingia katika seli hizo na kuikata protini ambayo kirusi huihitaji ili kiamke, bila kuiua seli yenyewe. Silaha ni ileile, ila hapa imegeuzwa mkasi wa kukata kamba moja tu. Kirusi hakiondoki, lakini hakiinuki, mpaka siku homa, jua kali au msongo utakapowavuruga walinzi hao.

Kwamba usafi wa namna hii unaweza kufanyika ubongo mzima kulithibitishwa na panya wa aina ya tatu. Erich Traub alikuwa amegundua katika miaka ya 1930 kwamba panya wanaoambukizwa LCMV wakiwa tumboni mwa mama zao hukua na kuishi na kirusi hicho siku zote, kwani kinga yao hukihesabu kuwa sehemu ya mwili. Mwaka 1986 Michael Oldstone na wenzake wa California waliripoti kwamba ukiwapa panya hao seli T zenye kumbukumbu kutoka kwa panya aliyekwisha kupona, ini husafika ndani ya wiki chache, na seli za neva nazo husafika, ingawa huchukua miezi kadhaa, bila dalili za kuharibiwa. Utafiti wa mwaka 2015 uliongeza kipande kilichokosekana. Mikroglia za panya hao, ambazo nazo huwa zimejaa kirusi, hubadilika mara seli T zinapofika, zikawa ndizo zinazowaonyesha wageni vipande vya adui. Nazo pia husafishwa bila kuuawa. Tofauti kati ya panya huyu na yule aliyekufa siku ya saba haitokani na kirusi, maana ni kilekile, wala na ujuzi wa seli T, maana zote zinakitambua. Imo katika mahali zinapokutana nacho, idadi yake, na aina ya seli inayoonyesha kipande.

Kingamwili nazo zina sehemu yake, na ni kubwa kuliko ilivyokuwa ikidhaniwa. Mwaka 1991 Beth Levine, Diane Griffin na wenzao walichunguza panya wasio na seli T wala seli B, zile zinazotengeneza kingamwili, walioambukizwa kirusi cha Sindbis kinachoingia katika seli za neva. Bila msaada, kirusi kilidumu. Walipodungwa kingamwili zinazotambua uso wa kirusi, virusi hai vilitoweka ubongoni, na seli za neva zikaendelea kuishi. Jambo hilo lilikwenda kinyume na mazoea, kwa kuwa kingamwili hufikiriwa kuwa ni kitu cha kunasa virusi vinavyoelea kwenye damu. Hapa ilionekana kwamba ikishika protini ya kirusi iliyojitokeza juu ya seli, hutuma ishara ndani na kuzuia uzalishaji. Lakini RNA ya kirusi ilibaki humo, na kingamwili zilizodungwa zilipopungua, kirusi kiliweza kurudi. Kwa panya mwenye kinga kamili hilo halitokei kirahisi, kwa sababu seli zinazotengeneza kingamwili huhamia ubongoni na kukaa humo muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha. Baadhi ya seli T nazo hufanya makao humo, hazirudi tena kwenye damu. Mtu anayeonekana amepona kabisa, basi, anaweza kuwa bado ana kikosi cha walinzi ubongoni mwake, kikimchunga adui ambaye hakufukuzwa.

Kikosi hicho hushindwa kwa namna mbalimbali. Ya kutisha kuliko zote inaletwa na surua. Miaka sita hadi kumi hivi baada ya mtoto kupona surua, hasa aliyeugua kabla ya kutimiza miaka miwili, huweza kuanza kuporomoka shuleni, kisha kushtukashtuka mwili, kisha kupoteza fahamu taratibu. Karibu wote hufa. Ukipima maji ya uti wa mgongo wake utakuta kingamwili dhidi ya surua kwa wingi wa ajabu, na bado kirusi kinasonga mbele. Sababu ni kwamba kirusi hicho kimebadilika. Protini yake inayosaidia kuunda virusi vipya na kuvitoa nje ya seli imeharibika, hivyo hakitoki tena. Hupita kutoka seli moja ya neva hadi nyingine kupitia miunganiko yao, ndani kwa ndani, mahali ambapo kingamwili hazikifikii. Hakuna tiba ya uhakika. Kinachokinga ni chanjo ya surua.

Namna nyingine ni uchovu. Seli T inayokabiliwa na kirusi kilekile mwezi baada ya mwezi hupunguza ukali wake na kuotesha juu ya uso wake breki iitwayo PD-1, iliyogunduliwa na Tasuku Honjo na wenzake wa Japani mwaka 1992. Mwaka 2006 maabara ya Rafi Ahmed mjini Atlanta ilionyesha, tena kwa panya wenye LCMV, kwamba breki hiyo ikizuiwa seli zilizochoka huamka. Katika ubongo uchovu huu si hasara tupu, maana seli iliyopunguza ukali huharibu kidogo. Lakini unaweza kupita kiasi, kama inavyoonekana kwa kirusi cha JC. Hiki kimo kwa zaidi ya nusu ya watu wazima, kimelala figoni na kwingineko bila madhara, na seli T zikipungua mno hushambulia seli zinazotengeneza mayelini, yaani ala inayozifunika nyuzi za neva. Madoa ya uharibifu husambaa ubongoni, na mgonjwa hupoteza uoni, usemi au nguvu za upande mmoja wa mwili. Mwaka 2019 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wagonjwa 8 wa aina hii walipewa dawa ya kuzuia PD-1, na 5 kati yao ama walipata nafuu ama hali yao iliacha kuzorota.

Kirusi hicho hicho kilitufundisha pia thamani ya ile kulabu ya kuingilia ubongoni. Mwishoni mwa mwaka 2004 dawa ya natalizumabu iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa wa ugonjwa unaoharibu mayelini uitwao sklerosisi, ambao seli zao za kinga huishambulia mayelini yao wenyewe. Dawa huifunika kulabu, seli T hazivuki, na mashambulizi hupungua. Miezi michache baadaye baadhi ya waliotumia dawa hiyo walipatikana na ugonjwa wa kirusi cha JC. Iliondolewa sokoni Februari 2005, ikarudishwa mwaka 2006 kwa masharti makali. Tangu hapo tunajua kwamba seli T hupita ubongoni kila siku kwa doria, hata kwa mtu asiye na dalili yoyote, na kwamba doria hiyo ikikoma kuna kinachosubiri.

Mgonjwa akipatikana na tatizo hilo, dawa husimamishwa, na mara nyingine damu yake huchujwa ili mabaki ya dawa yatoke upesi na seli T zirudi kazini. Hurudi kwa pamoja. Zinakuta kirusi kimeenea, zinaanza kukishambulia, na ubongo uliokuwa ukiliwa kimyakimya huvimba ndani ya wiki chache. Jambo lilelile huwapata baadhi ya wenye VVU wanaoanza dawa za kufubaza virusi wakati kirusi cha JC kimekwisha kufika ubongoni. Hapo daktari huangalia picha za ubongo, hupima uzito wa uvimbe dhidi ya uzito wa maambukizi, na uvimbe ukizidi huandika dawa za steroidi, zinazozituliza zile seli T alizokuwa akizisubiri.